Mhindi wa Mwanza na swali la "kwenu kwenu"

Wiki iliyopita aliingia dukani mzee mmoja wa Kayenze. Tunauza vifaa vya uvuvi: nyavu, kamba, maboya, ndoano, taa za kuvulia dagaa. Kijana wetu wa duka (tunamwita kijana kwa mazoea tu, ana miaka 53) alimpokea kwa "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, wakaulizana habari za ziwa na bei ya sangara. Kisha mzee akanigeukia mimi niliyekaa kwenye droo ya hela, mwanamke wa miaka 41, akasema: "Shikamoo, bosi."

Niliona aibu. Nikamuwahi kwa shikamoo yangu, akacheka, akarudi kupima kamba kwa mikono, pima moja, pima mbili. Alipofika pima ya kumi na kitu akauliza bila kuinua macho: "Hivi ninyi kwenu ni wapi?" Nikamwambia Mwanza. "Sawa, Mwanza. Lakini kwenu kwenu?"

Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anapiga soga huku mikono ikifanya kazi. Ila alipoondoka nilikaa nikiwaza kwamba ndani ya dakika tano mzee yule alikuwa amenipa heshima nisiyoistahili na kuninyima nyumbani ninakokustahili, na vyote viwili alikuwa amevisoma usoni mwangu. Watu wakizungumzia Wahindi wa nchi hii huchagua kimoja. Ama wanazungumzia shikamoo: hawa wana hela, wamependelewa, wana dharau. Ama wanazungumzia kwenu kwenu: maskini, wamezaliwa hapa na bado wanaitwa wageni. Ukivitenganisha, hupati maana ya hata kimoja. Nitajaribu kuonyesha vilivyosokotwa pamoja.

Nianze na hadithi ambayo kila mtu anaijua na ambayo kwa sehemu kubwa si ya kwetu, ile ya kwamba Wahindi waliletwa na Mwingereza kujenga reli. Ni kweli reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyofika ziwani mwaka 1901, ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 kutoka India. Lakini mkataba ulipokwisha wengi walirudi makwao, wakabaki kama 6,700. Wahindi wengi wa huku kwetu wametokana na watu wengine kabisa, wafanyabiashara waliokuja wenyewe kwa nauli zao kutoka Kutch na Gujarat, magharibi mwa India, wengi wakipitia Zanzibar na Bagamoyo. Allidina Visram alifika Zanzibar mwaka 1863 akiwa mtoto wa miaka 12, na hadi anafariki mwaka 1916 alikuwa na msururu wa maduka kutoka pwani hadi Uganda. Reli ilichofanya ni kulifungua ziwa. Meli zikaanza safari kutoka Kisumu, na Mwanza, mji ulioanza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1892, ukapata njia ya kwenda baharini kupitia Mombasa miaka mingi kabla reli ya kutoka Tabora haijafika hapa mwaka 1928. Baba wa babu yangu alishuka kwenye mojawapo ya meli hizo enzi za Mjerumani, akiwa na sanduku la bati na jina la mtu wa kijijini kwake aliyemtangulia.

Naikazia tofauti hii kwa sababu hadithi ya reli inatufanya tuonekane shehena iliyoshushwa na mkoloni, tusio na hiari wala lawama. Tulikuja kutafuta faida. Tuliipata, na namna tulivyoipata inaeleza nusu ya mambo ya leo.

Usukumani faida ilikuwa pamba. Mkulima analeta mzigo wake, Mhindi anaupima, anamlipa, halafu hapohapo anamuuzia khanga, chumvi, sukari na mafuta ya taa. Kinu cha kuchambulia pamba nacho mara nyingi kilikuwa cha Mhindi. Mkulima hakuwa na namna ya kujua kama mizani inasema kweli. Malalamiko ya mizani yalichangia sana kuzaliwa kwa vyama vya ushirika vya wakulima mwanzoni mwa miaka ya 1950, Paul Bomani akiwa mbele, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Victoria Federation. Hadi uhuru unafika, ununuzi wa pamba ulikuwa umehamia kwenye ushirika. Nyumbani kwetu kisa hiki husimuliwa kama biashara iliyokufa. Kwao jirani yangu wa Kisesa husimuliwa kama siku mizani ilipopona ugonjwa.

Juu ya hapo weka serikali ya kikoloni, iliyopanga watu kwa ngazi: shule za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika, hospitali vivyo hivyo, mishahara vivyo hivyo. Mwaka 1955 hata Baraza la Kutunga Sheria liligawa viti 30 visivyo vya serikali kumi kwa kumi kwa kumi. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni nane, Waasia elfu sabini na kitu, Wazungu elfu ishirini hivi. Hiyo ndiyo iliyoitwa usawa! Babu yangu aliiona ni haki kabisa, na sijawahi kumsikia akiijutia.

Kwenye uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU ilikutana Tabora Januari 1958, ikabishana vikali, ikakubali kushiriki. Ndivyo Mwanza ilivyowakilishwa na Barbro Johansson, mwalimu mmisionari kutoka Sweden aliyekuwa amefundisha Kashasha, Bukoba. Alichukua uraia baada ya uhuru, baadaye akaongoza shule ya wasichana Tabora, na wengi walimwita Mama Barbro. Nami humfikiria kila ninapoulizwa kwenu kwenu, maana yeye kwao kwao palijulikana waziwazi na hapakumzuia chochote. Nadhani ilikuwa rahisi kwa sababu alikuwa mtu mmoja na hakuwa na duka.

Swali la nani ni raia lilifika Bungeni Oktoba 1961. Wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika na wengine wangoje. Nyerere alikataa, tena kwa ukali, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuupima uraia kwa rangi. Sheria ikapita bila neno rangi ndani yake. Ilisema kwamba ifikapo tarehe 9 Desemba 1961, mtu aliyezaliwa Tanganyika na ambaye mzazi wake mmoja naye amezaliwa Tanganyika anakuwa raia papo hapo. Aliyezaliwa hapa kwa wazazi ambao wote walizaliwa kwingine alikuwa na miaka miwili ya kujiandikisha, na alipaswa kuacha uraia wake mwingine.

Soma tena taratibu, maana humo ndimo familia zilimopasukia. Baba yangu alikuwa na miaka tisa, mzaliwa wa Mwanza, na baba yake alizaliwa Nassa, hukuhuku Usukumani. Aliamka asubuhi ya uhuru akiwa raia bila kunyanyua kalamu. Babu, kwa kuwa wazazi wake walitoka Kutch, hakuwa raia, ilibidi aombe. Kwa muda wa karibu miaka miwili, mtoto alikuwa Mtanganyika na baba yake bado. Babu alijiandikisha mwaka 1963, siku zikiwa zimebaki za kuhesabu. Mdogo wake alisema angoje kwanza aone upepo unavumaje. Wajukuu zake leo wako Leicester, Uingereza.

Kungoja kule kulituharibia jina kuliko mizani. Wengi walingoja. Wengine waligawana makusudi, huyu achukue uraia wa hapa, yule abaki Mwingereza, ili lolote litakalotokea pawepo pa kukimbilia. Aliyetazama kutoka nje aliona watu wa mguu ndani, mguu nje. Yalipotokea mapinduzi ya Zanzibar Januari 1964, waliokuwa wakingoja wakasema si tuliwaambia. Wakazidi kufungasha, na kadiri walivyofungasha ndivyo waliobaki walivyozidi kutiliwa shaka. Sijui nani angeweza kuukata mzunguko ule.

Kilichofuata kinahitaji kuelezwa kwa uangalifu. Sheria ya kutwaa majengo ya mwaka 1971 nayo haikutaja rangi. Ilihusu jengo la zaidi ya shilingi 100,000 lililopangishwa. Ila wenye majengo ya namna hiyo katikati ya miji walikuwa Wahindi kwa sehemu kubwa mno. Ukipita katikati ya Mwanza uinue macho, utaona maghorofa ya zamani ambayo juu ya ukuta bado yana mwaka wa kujengwa na jina la ukoo kwenye saruji, na chini yake wapangaji wasiojua jina lile ni la nani. Wapo walioendelea kuishi mlemle, wakilipa kodi ya nyumba waliyoijenga. Wapo pia waliopata chumba mjini kwa mara ya kwanza maishani mwao kwa sababu ya sheria ileile.

Fundo ni hili. Mkoloni alikuwa ameigawa biashara kwa rangi. Basi hata serikali isiyotaka ubaguzi, kila ilipogusa biashara iligusa rangi. Bei ya sukari ikipanda, analaumiwa mwenye duka, na mwenye duka ana sura inayojulikana. Ugomvi wa mfuko ukageuka ugomvi wa ngozi bila mtu yeyote kuamua hivyo. Agosti 1972, ng'ambo ya ziwa letu hilihili, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Hapa serikali ililaani, na Mwanza hakuna aliyefukuzwa, lakini mama anasema tangu mwaka ule kila nyumba ilikuwa na sanduku moja ambalo halifunguliwi. Msako wa wahujumu uchumi wa 1983 ulimkuta ana mimba yangu.

Miaka ya tisini uchumi ulifunguliwa, ukaja mjadala wa uzawa, na Mchungaji Mtikila akawagawa watu kuwa walalahoi na magabachori, yaani maskini wa nchi na matajiri wa Kihindi. Neno gabachori nililisikia nikiwa darasa la tatu, kutoka kwa rafiki tuliyekuwa tukigawana pakiti ya ubuyu. Hakujua maana yake, wala mimi. Tukakubaliana kwamba ni aina ya mnyama.

Tukiwa kwenye maneno, lugha yenyewe ina kumbukumbu ndefu. "Baniani mbaya, kiatu chake dawa": methali hii niliandikia insha shuleni, nikapata vema, na ilinichukua miaka kadhaa kutambua kwamba Baniani ni sisi, Wahindu wafanyabiashara. Ponjoro, kanjibai, yote nimeitwa. Lakini tusijifanye malaika. Kwenye Kigujarati cha jikoni kuna neno golo, la kumdharau Mwafrika, ambalo Waafrika wengi waliofanya kazi majumbani mwetu wanalijua vizuri kuliko tunavyodhani. Lina harufu ya utumwa. Nimelisikia mezani kwa watu ninaowapenda, nikaendelea kula.

Na tukisema "Wahindi" tunawafunga kwenye furushi moja Waismailia, Ithnaasheri, Mabohora, Wahindu wa koo mbalimbali, Masingasinga na Magoa, ambao kwa miaka mingi hawakuoana wao kwa wao. Waarabu wa vijijini Usukumani ni habari nyingine. Wengi waliishi mbali na mji, wakaoa Wasukuma, watoto wao wakakua na Kisukuma mdomoni. Ungedhani hao swali la kwenu kwenu limewaacha. Wao wana neno lao, chotara, na siku hizi ukilisikia Mwanza mara nyingi anayetajwa ni kuku.

Kuna jambo moja ambalo sijaona likitajwa sana, nalo ni utani. Mtanzania akikutana na kabila geni huuliza kabila lako nani, na kama ni mtani anapata ruhusa ya kumtukana hadi msibani. Wanyamwezi na Wazaramo walitaniana kwa sababu ya misafara: mpagazi wa bara alipita kwa watu wa pwani, wakagombana, wakapatana, wakabakiza matani. Misafara ileile iligharimiwa kwa kiasi kikubwa na matajiri wa Kihindi wa pwani, Sewa Haji wa Bagamoyo akiwa mmoja wao. Ila yeye hakubeba mzigo wala hakulala njiani na wapagazi. Alikaa na daftari. Ndiyo maana hadi leo tunataniwa, tena sana, lakini hatuna watani. Mtu anaweza kuigiza Kiswahili chetu, "veve nataka nini", ukumbi mzima ukacheka. Mimi nikimwigiza yeye, ukumbi unanyamaza.

Na msiba ndio unaoumbua zaidi. Mama wa kijana wetu wa duka alipofariki, baba alituma bahasha nene na gari la kubebea maturubai. Watu walishukuru. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kukaa kwenye mkeka. Sisi tulipofiwa na baba, yeye alikuja siku zote nne, akakaa nje kwenye kiti cha plastiki, kwa sababu hakuna aliyemwambia aingie.

Sisi Wahindu tunachoma maiti, jambo ambalo majirani hulisema kwa sauti ya chini. Nalo linahusika. Msukuma ukimuuliza kwao ni wapi atakutajia kijiji walikozikwa wazee wake. Huo ndio ushahidi unaokubalika. Mimi sina kaburi la kukuonyesha. Majivu ya baba wa babu, yule aliyeshuka na sanduku la bati, ya mwanawe na ya baba yangu, yote yalimwagwa ziwani. Nilifikiria kumwambia yule mzee wa Kayenze kwamba kwetu kwetu ni humo anamovua. Nikaona ningemharibia hamu ya samaki.

Leo mambo yakoje? Katiba, Ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa rangi. Sensa haimuulizi mtu kabila wala rangi tangu ile ya 1967. Amir Jamal alishika Wizara ya Fedha kwa miaka mingi, na baadaye Mohammed Dewji aliwawakilisha watu wa Singida Mjini kwa miaka kumi. Kwenye karatasi, fundo limefunguliwa. Maisha ya kila siku ni kama ifuatavyo. Mwaka juzi nilikwenda ofisi moja kufuata hati. Nilikuwa na cheti changu cha kuzaliwa na cha baba, kama maelekezo yalivyotaka. Nikaambiwa nilete na cha babu. Dada aliyenitangulia kwenye foleni, mwenye jina la Kihaya, alikuwa na vyeti kama vyangu na hakuulizwa habari za babu. Saa mbili baadaye nilipita benki, hasira bado zimenijaa. Mlinzi alikuwa akiwakagua watu mlangoni kwa kile chombo cha mkononi, mmoja mmoja. Mimi alininyooshea mkono nipite. Mkoba wangu ulikuwa mkubwa kuliko wa mtu yeyote pale.

Siku ile sikurudi nyuma kumwambia mlinzi anikague. Ofisini nilibishana nusu saa. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyo: mlango unaofungwa tunaupigia kelele, unaofunguliwa tunapita kimya. Binamu zangu wa Leicester wakija huwa naona kioja kingine. Wao wanalipia viza, wanagongewa muhuri, wanaambiwa karibuni Tanzania. Mimi nikisimama mstari wa raia, kuna mtu hunigusa bega kunielekeza, kwa ukarimu kabisa, kwamba wageni ni upande ule.

Nimetaja droo ya hela. Ina ufunguo mdogo wa shaba, na kwa miaka 26 ambayo kijana wetu amefanya kazi nasi, ufunguo ule ulikaa kwa babu, kisha baba, kisha mama, kisha mimi. Anajua bei ya kila kitu. Anajua wavuvi gani wanakopesheka, na ametuokoa kwa matapeli mara nyingi kuliko polisi. Wadogo zangu waliwahi kuikalia droo wakiwa na miaka kumi na mitatu.

Mwezi wa tatu nilikwenda Dar es Salaam kwa wiki moja, mama akiwa mgonjwa, nikamwachia kijana wetu ufunguo. Mama alinipigia simu mara tatu siku ya kwanza. Niliporudi nilikuta hesabu imeandikwa kwa mwandiko mzuri, na upungufu wa shilingi 200 umepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Nikacheka, nikamwambia mia mbili si kitu.

"Nilijua utahesabu," akasema. "Hukuniachia ufunguo, dada. Uliniachia mtihani."

Akauweka juu ya meza, akaenda kumkatia mteja kamba.